Kilo 27 za betri msituni: je, seli ya mafuta itapunguza mzigo?

Msomaji wetu anayefanya kazi na kikundi cha watafiti wa nyani katika milima ya Udzungwa ameandika:

"Shikamoo mhandisi. Kila safari tunakaa msituni siku 12. Umeme tunautumia kwenye vinasa sauti, redio za mkononi, simu ya satelaiti na kompyuta moja jioni. Kwa hesabu yangu ni kama wati-saa 250 kwa siku. Tunabeba betri tatu za lithiamu za volti 12, ampea-saa 80 kila moja. Zote pamoja ni kilo 27, mzigo wa wapagazi wawili. Sola haitufai kwa sababu jua halifiki chini ya miti, na jenereta ikiwaka nyani wanahama. Nimesoma kwamba kilo moja ya hidrojeni ina nishati zaidi ya mara 200 ya kilo ya betri. Kwa nini basi hatuna seli ya mafuta ya kilo mbili ya kuning'iniza begani? Na je, naweza kuiunda mwenyewe?"

Marahaba ndugu yangu. Kwa asiyeijua, seli ya mafuta ni kifaa kinachogeuza mafuta kama hidrojeni kuwa umeme moja kwa moja, bila injini. Hesabu yako ya hidrojeni haina kosa. Kilo moja ina uniti 33 za nishati, uniti zile zile za umeme unazonunua kwa LUKU, kila moja wati-saa 1,000, wakati uniti moja tu kwenye betri zako inakugharimu karibu kilo tisa. Ila hesabu hiyo imekiacha nje kitu anachokibeba mpagazi, nacho ni chombo. Hidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote, na haikai kwenye galoni. Ni lazima ishindiliwe, na mtungi utakaoupata kwa wauza gesi za viwandani ni wa chuma. Mtungi wa lita 50 ulioshindiliwa hadi baa 200, yaani karibu mara 200 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, una hidrojeni isiyofika hata kilo moja, na wenyewe una kilo 60 hivi.

Tuiweke safari yako kwenye mizani. Siku 12 kwa wati-saa 250 ni uniti 3. Seli nzuri ya hidrojeni hugeuza karibu nusu ya nishati ya mafuta kuwa umeme na nusu nyingine inatoka kama joto, kwa hiyo unahitaji uniti 6 za hidrojeni, sawa na gramu 180. Huo ni uzito wa simu ya mkononi! Lakini gramu 180 hizo zikikaa kwenye chuma zinakuwa mzigo wa kilo 16, na seli yenyewe bado hujaiweka. Mitungi ya nyuzi za kaboni ni myepesi zaidi. Ile ya gari la Toyota Mirai inabeba hidrojeni karibu asilimia 6 ya uzito wake, na kwa kiwango kama hicho ungebaki na kilo tatu au nne. Sasa nani atakujazia mtungi wa namna hiyo Iringa au Ifakara?

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Betri ni chakula kilichopikwa kikafungwa kwenye hotipoti: cha siku mbili ni hotipoti mbili, cha siku 12 ni hotipoti 12. Seli ya mafuta ni jiko na unga. Jiko lina uzito ule ule upike siku moja au mwezi mzima, kinachoongezeka ni unga, na unga ni mwepesi. Kwa lugha ya ufundi, uzito wa mashine unafuata wati, uzito wa mafuta unafuata saa. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni utakaa mbali na soketi kwa siku ngapi. Anayetoka asubuhi na kurudi jioni hana haja ya kubeba jiko.

Wamarekani walikutana na hesabu hii mapema sana. Juni 1965 chombo cha Gemini 4 kilikaa angani siku 4 kwa umeme wa betri. Agosti mwaka huo huo Gemini 5 ilipangiwa siku 8, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupaa na seli za mafuta. Desemba Gemini 7 ikakaa siku 14 kwa seli hizo. Kubeba betri za siku 14 kwenye chombo kidogo kama kile lilikuwa jambo lisilowezekana.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa karibuni. Maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani ilitengeneza ndege ndogo isiyo na rubani iitwayo Ion Tiger, yenye uzito wa kilo 17 hivi na seli ya hidrojeni ya wati 550. Mwaka 2009 iliruka saa 26 ikiwa na hidrojeni iliyoshindiliwa kwenye mtungi. Mwaka 2013 iliruka saa 48 kamili na dakika moja. Safari hiyo kilichobadilishwa ni chombo: hidrojeni ilipozwa hadi ikawa kimiminika, ikatiwa kwenye tangi jepesi. Mtu akikuambia kazi ya kupunguza uzito iko kwenye seli peke yake, mkumbushe ndege hii.

Kwa msitu wako hidrojeni tuiache. Mafuta yanayokufaa ni ya kimiminika, na yanayotumika zaidi kwenye mashine ndogo ni methanoli, aina ya alkoholi. Kilo ya methanoli ina uniti 5 na nusu, haifiki hata robo ya hidrojeni, lakini chombo chake ni dumu la plastiki la kawaida. Hapo ndipo inaposhinda.

Niliwahi kuifungua mashine ya methanoli iliyokuwa imekufa, bisibisi kwa bisibisi, nijue uzito wake umejificha wapi. Nje ni boksi lenye feni. Ndani kuna rundo la seli limebanwa kati ya mabati mawili mazito kwa boliti ndefu, kama vipande vya halua vilivyopangwa. Kila seli moja inatoa kama volti 0.4 tu, kwa hiyo kuchaji betri ya volti 12 unahitaji seli zaidi ya 30 zimepangwa foleni, kila moja na sahani zake na mpira wake wa kuzuia kuvuja. Moyo wa kila seli ni utando wa plastiki unaong'aa kidogo. Ukiudondoshea maji unavimba na kujikunja kama ganda la kitunguu. Pande zote mbili umepakwa kitu cheusi kama masizi ya chungu: ni kaboni iliyobeba chembe za platini, na upande wa methanoli kuna metali nyingine pia, rutheniamu. Methanoli na maji vinapogusa weusi huo vinavunjika, protoni zinapenya kwenye utando, elektroni zinazuiwa, nazo zinalazimika kuzungukia kwenye waya wako. Huo ndio umeme. Upande wa pili zinakutana na oksijeni ya hewa na kuwa maji.

Nilipovipanga vipande mezani, utando na masizi yake havikuwa na uzito wa kutajwa. Uzito ulikuwa kwenye sahani, boliti, pampu, feni na mirija. Ndiyo maana wahandisi wanaohangaika na wepesi wamehamia huko. Sahani za grafiti za unene wa milimita kadhaa zimebadilishwa kuwa vibati vya chuma cha pua au titani vilivyobonyezwa, vyembamba kuliko milimita moja. Kwenye seli za hidrojeni za droni wameondoa kabisa maji ya kupozea, na feni moja inaleta oksijeni na kupoza kwa wakati mmoja. Platini nayo imepungua sana. Katika miaka ya 1980, kwenye maabara ya Los Alamos nchini Marekani, Ian Raistrick aligundua kwamba ukiipaka elektrodi, yaani ule weusi wa kila upande, plastiki ile ile ya utando ikiwa imeyeyushwa, platini nyingi zaidi inafanya kazi. Kutoka miligramu 4 kwa kila sentimita ya mraba ikashuka hadi 0.4. Seli za methanoli bado zinadai zaidi ya hapo, na ndiyo sababu mojawapo ya bei yake kuwa kali.

Kuna werevu mmoja kwenye mashine hizi ambao nataka uuelewe, maana bila huo usingebeba chochote. Methanoli ina tabia ya kupenya kwenye utando na kwenda kuungua upande wa pili bila kutoa umeme. Kuizuia, unaichanganya na maji mengi sana, methanoli iwe kama asilimia 3 tu ya mchanganyiko. Sasa fikiria ungebeba mchanganyiko huo kutoka nyumbani: ungekuwa mchota maji, si mtafiti. Mashine inabeba methanoli safi kwenye dumu, kisha maji yanayozaliwa upande wa hewa inayakusanya na kuyarudisha kuchanganyia. Inajichotea maji yenyewe. Hii ndiyo sababu haipendi joto kali na ukavu: hewa ikiwa kavu mno maji yanapeperuka kuliko yanavyozaliwa, na mzunguko unakauka. Unyevu wa Udzungwa utakusaidia hapo.

Sasa mzigo wako. Mashine ya methanoli ya kiraia ya wati 40, kama zinazouzwa na SFC Energy ya Ujerumani, ina uzito wa kilo 6 na nusu hivi na inakula takriban lita 0.9 kwa kila uniti. Uniti 3 ni lita 2.7, sawa na kilo 2 na kidogo, tuseme 2.5 pamoja na chupa. Ongeza betri ndogo ya kilo 2, kwa sababu seli hizi ni nzito kuamka na hazipendi kushtuliwa. Kompyuta ikiwashwa ghafla ni betri inayobeba kishindo, seli inaijaza polepole. Jumla ni kilo 11 badala ya 27. Mpagazi mmoja anatosha na nafasi inabaki.

Ila angalia safari fupi. Betri zako zinakula kilo 2 na robo kwa siku. Mashine na betri yake ndogo ni kilo 8 na nusu hata kabla ya kuondoka, halafu gramu 200 kwa siku. Mistari hii miwili inakutana siku ya nne kuelekea ya tano. Ukinunua betri za lithiamu nyepesi zaidi, zile za wati-saa 180 kwa kilo, inasogea hadi siku ya saba. Kwa safari ya siku tatu baki na betri zako bila kujuta.

Umeuliza kuhusu kilo mbili begani. Zipo, na zilizaliwa jeshini. Mwaka 2008 wizara ya ulinzi ya Marekani ilishindanisha watu jangwani Twentynine Palms, California: vaa mfumo usiozidi kilo 4, utoe wastani wa wati 20 kwa saa 96. Piga hesabu, ni wati-saa 1,920, karibu theluthi mbili ya safari yako, ndani ya kilo 4. Zawadi ya kwanza, dola milioni 1, ilikwenda kwa DuPont na Smart Fuel Cell, jina la zamani la kampuni ile ile ya Ujerumani, kwa mashine ya methanoli. Mashine ya wati 25 iliyotengenezwa kwa ajili ya askari ina uzito usiofika kilo 2 bila mafuta. Wewe wastani wako ni wati 10 na kitu, kwa hiyo ingekutosha ikifanya kazi saa 10 kwa siku. Kinachozuia ni bei, kwani hata zile za kiraia ni maelfu ya euro.

Unaweza kujiuliza kwa nini basi hatuzioni kwenye simu. Walijaribu. Mwaka 2009 Toshiba waliuza Japani chaja ya methanoli iitwayo Dynario, 3,000 tu, kwa yeni 29,800. Ilikuwa na gramu 280, ukiinyweshea mililita 14 inachaji simu mara mbili. Pawabenki ya leo ni nyepesi kuliko hiyo na inachaji zaidi. Wengine waliweka hidrojeni kwenye vikatriji vya unga wa metali unaoinyonya gesi kama sifongo. Ni salama, mgandamizo wake ni mdogo, lakini katriji ya gramu 100 inabeba lita 10 za gesi, chini ya gramu moja, na umeme wake ni kama wati-saa 14. Seli mbili za lithiamu za tochi, zenye uzito huo huo, zinakupa zaidi ya 20. Lilikuwa jiko la kupikia kikombe kimoja cha chai.

Nirudi msituni, kuna mambo ambayo karatasi ya muuzaji haitakueleza vizuri. Seli inavuta hewa kama wewe. Kwenye vilele vyenu vinavyopita mita 2,500, mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu ya ule wa pwani, kwa hiyo usitegemee wati zote zilizoandikwa kwenye boksi. Iweke mbali na jiko la kuni, kwa kuwa moshi unaziba vichujio na kuichafua platini. Usilale nayo ndani ya hema lililofungwa: lita 2.7 za methanoli zinatoa karibu kilo 3 za kaboni dioksidi kwa safari nzima, na mashine ikiharibika inaweza kutoa mvuke mbaya zaidi. Sauti yake ni ya feni ya kompyuta. Iache mita 20 kutoka kwenye vinasa sauti na nyani hawatajali.

Methanoli yenyewe ni jambo zito. Ni sumu inayofanana kwa harufu na pombe ya kunywa. Mwaka 2010 Kabale, Uganda, na mwaka 2014 nchini Kenya, makumi ya watu walikufa kwa vinywaji vilivyochanganywa na methanoli, na walionusurika wengine walipofuka. Kambini kwenu kuna watu wamechoka, kuna baridi, na kuna dumu lenye harufu ya spiriti. Naomba sana: dumu liwe na kufuli, liwe na alama ya fuvu, na kila mpagazi aelezwe kwa mdomo kabla ya kupanda mlima kwamba kiasi kidogo tu kinapofua na kuua. Usilimimine kwenye chupa ya maji hata kwa dakika moja. Njiani usilipakie kwenye basi la abiria, kwa sababu mwali wa methanoli mchana karibu hauonekani.

Na lazima iwe safi ya kiwango cha maabara. Mimi nilishawahi kuona aibu hapo. Tuliishiwa mafuta wiki ya majaribio, tukanunua methanoli ya viwandani kwenye duka la kemikali mjini, lebo nzuri kabisa. Siku mbili nguvu ikaanza kushuka. Siku ya nne mashine ilikuwa inatoa theluthi ya wati zake. Uchafu ulikuwa umekalia platini, na hatukuweza kuutoa.

Kuhusu kuiunda mwenyewe: seli moja ya mezani, ndiyo, na ningefurahi ujaribu. Kipande cha utando, elektrodi mbili zilizokwisha kupakwa, sahani mbili, utawasha feni ndogo na kujifunza mengi kuliko kusoma. Rundo la seli 30 lisilovuja, lenye pampu na akili ya kudhibiti maji, la kukaa siku 12 mvuani, ni kazi ya timu na miaka. Kitu kimoja usikijaribu ni zile video za kutengeneza hidrojeni kwa alumini na kostiki soda ya watengeneza sabuni. Chupa inachemka, kostiki inaruka machoni, na hidrojeni inawaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, kwa cheche usiyoiona. Ndani ya hema hiyo ni bomu.

Kama una kijana wa uhandisi kwenye kikundi anayetafuta mada, mwelekeze kwenye gesi ya kupikia. Kwenye shindano lile la 2008 wa pili walikuwa Adaptive Materials wa Michigan, na mashine yao ilikula propani, gesi iliyomo kwenye mitungi ya kupikia. Ni seli za kauri zinazofanya kazi kwenye nyuzijoto zaidi ya 700, kwa hiyo hazihitaji platini. Kilo ya gesi ina karibu uniti 13, na mtungi wa kilo 6 unapatikana hadi kijijini. Kikwazo ni kile kinachokusaidia kujua gesi inavuja: harufu ile ni ya salfa, nayo inaua nikeli ya ndani ya seli hizi. Kichujio cha salfa chepesi, cha bei ya kwetu, kilichopimwa kwa gesi inayouzwa kwetu, ni utafiti ambao ningeusimamia kwa moyo wote.

Kwa sasa fanya hivi. Safari ijayo funga kipimo cha wati-saa kwenye kila betri, uandike matumizi kila usiku, si makadirio. Nahisi kompyuta inakula nusu ya umeme wenu, na kama ni kweli, kuiacha kituoni na kuhamishia data kwenye kadi kunaweza kukushusha hadi wati-saa 120 kwa siku, na betri ya tatu ibaki Iringa bila kununua chochote. Andika pia joto la saa nane mchana na la alfajiri pale kambini, pamoja na urefu wa mlima. Nitumie karatasi hiyo, kisha tutajua kama ni mashine ya wati 25 au 40 ya kuombea fedha.